Kabla Hujakabidhi Ufunguo

Kizazi changu cha wenye nyumba kinaondoka. Sisi tuliojenga Tandika, Mtoni, Temeke, Magomeni, Mwananyamala na Manzese kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980, nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma, wengi wetu wameshalazwa kwenye makaburi ya Chang'ombe na Kinondoni, na tuliobaki tunatembea kwa kushika ukuta. Nyumba zimebaki kwa watoto. Nyingine zimeuzwa na kuvunjwa, pakasimama ghorofa lenye fremu za maduka chini na vyumba juu. Hilo silipingi. Sensa ya 1978 ilikuta mkoa huu wa Dar es Salaam una watu wapatao 843,000. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu wote hao usiku wanalala mahali, na wengi wao wanalala kwenye chumba cha mtu mwingine.

Ninalotaka kulisema wanangu wanaliona dogo: hali ya chumba siku mpangaji mmoja anapotoka na mwingine anapoingia. Siku hizi naona vyumba vinakabidhiwa tundu la bafu likiwa limezibwa na nywele za aliyehama, ukuta wa jikoni una mafuta ya mwaka mzima, nyuma ya mlango kuna mfuko wa taka aliouacha mtu asiyejulikana alikokwenda, na mwenye nyumba ameshapokea kodi ya miezi sita. Mpangaji mpya ananunua ndoo, dekio na dawa ya choo kabla hajanunua unga. Enzi zetu jambo hilo lingekuwa aibu ya mtaa. Nataka kueleza kwa nini, maana sababu yenyewe haikuwa kwamba sisi tulikuwa na roho nzuri kuliko ninyi.

Sisi tulikuwa tunaishi humohumo. Nyumba ya Kiswahili unaijua: baraza mbele, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi unapasua katikati mpaka uani, na huko uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Mwenye nyumba alichukua vyumba viwili vya mbele, vinne akapangisha. Dari hazikuwepo. Ukuta uliishia usawa wa mtambaapanya, na juu yake ilikuwa wazi hadi kwenye bati, kwa hiyo moshi wa jiko la mchina la chumba cha tatu uliujua na harufu ya samaki wa chumba cha nne uliijua, na mtu akikohoa usiku nyumba nzima ilihesabu. Kunguni wa mpangaji hakuomba ruhusa kuja kwenye kitanda changu. Mende wake walikuwa mende wangu kabla ya magharibi. Chumba kilipohamwa, nilikisafisha kama mtu anayesafisha mwili wake, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki ndani ya nyumba ile.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo vijana hawalijui. Kupokea kodi ya nyumba wakati ule kulikuwa jambo la kujieleza. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yale makubwa ya katikati ya mji na Upanga. Vyumba vyetu vya Uswahilini havikuguswa, na wengi wetu hatukuwa viongozi wa chochote. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kiwandani, mimi nikiuza vitumbua. Lakini hewa ile tuliivuta. Mtu anayekula jasho la wenzake alikuwa anasemwa redioni na kwenye mkutano wa nyumba kumi, na balozi wa nyumba kumi alikuwa jirani yako anayeona kila kinachoingia na kutoka. Basi tulitaka kodi ionekane inarudi kwenye nyumba. Ilionekana kwenye chokaa.

Niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu najua wengi hamjaiona.

Mpangaji aliyekuwa anahama hakuacha ufunguo kwa jirani. Alifagia chumba chake, akaja kuaga, tukaingia wote wawili na kutazama. Tukakubaliana kuhusu kioo kilichopasuka au komeo lililolegea hapohapo, kwa mdomo, na mara nyingi tuliagana kwa kuombana radhi. Akishaondoka, madirisha na mlango viliachwa wazi kutwa nzima. Chumba kilichokaliwa na familia ya watu watano kina pumzi ndani yake, na pumzi haitoki kwa sabuni, inatoka kwa jua na upepo. Wauguzi wa kliniki ya kifua kikuu wanawaambia wagonjwa wao jambo hilohilo hadi leo: fungua dirisha.

Kisha utando wa buibui, kwa ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye mti mrefu na kuvishwa kipande cha kanga. Kisha kunguni. Kunguni hakai katikati ya ukuta. Anakaa kwenye tundu la msumari, kwenye ufa wa fremu ya mlango, kwenye mwanya kati ya lipu na boriti. Tulichemsha maji tukayamimina kwenye nyufa yakiwa bado yanatokota, na pale maji yasipofika tulipitisha mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, ufa mmoja baada ya mwingine, na moto ukiwa mbali. Baada ya hapo nyufa zilizibwa, kwa udongo kwenye nyumba za udongo na fito, au kwa saruji ya Wazo kwa waliojaliwa, maana kiwanda cha huko Wazo kilianza mwaka 1966 na mfuko wa saruji uliobaki kwenye matengenezo ya nyumba uliwekwa kwa ajili ya nyufa.

Halafu chokaa. Chokaa yetu ya pwani ilitokana na mawe ya bahari yaliyochomwa juu ya kuni, na uchomaji huo, tuseme kweli, uliumiza miamba ya samaki. Sisemi turudi huko. Lakini ilivyofanya kazi ni jambo la kujua. Chokaa mbichi ukiitia maji inachemka yenyewe ndani ya pipa, bila moto, mpaka mtoto anaogopa kusogea. Unaiacha ilale. Asubuhi unaichuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu, unatia chumvi ili ishike ukutani isitoke kwenye nguo, na bluu kidogo ya kufulia ili weupe uwe mkali. Ukiipaka haionekani. Ukuta unabaki na rangi ya maji machafu, na aliyekuja mara ya kwanza anadhani amepoteza hela yake. Inapokauka ndipo weupe unapotoka, polepole, kuanzia kwenye kona zinazopata upepo, na kufikia alasiri chumba kizima kimewaka. Mkono wa pili unapakwa kesho yake. Chokaa ni kali, inaua vijidudu na kuzuia ukungu, na inauacha ukuta upumue. Rangi za plastiki za leo ni nzuri kwa macho na zinafutika kwa kitambaa, lakini zikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu, ukungu mweusi unatokeza nyuma ya kabati kabla masika hayajaisha.

Sakafu tuliisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga laini, tukaisuuza, tukaiacha ikauke. Jioni ya mwisho nilifukiza ubani. Wengine walisoma dua. Mpangaji akiingia alikuta chumba kina harufu ya chokaa na ubani, na mwenye nyumba amesimama mlangoni. Nakuambieni, mtu aliyepokelewa hivyo anaogopa kupigilia msumari ukutani bila kuuliza.

Baada ya hapo usafi ulikuwa wa zamu. Chumba kwa chumba, wiki kwa wiki: kufagia uani, kuosha bafu, kumwaga jivu chooni. Mwenye nyumba alikuwa na zamu yake kama wengine. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi mwingi, sitawaficha. Mwanamke aliyeruka zamu alisemwa mpaka alie. Bwana afya alikuwa anapita na daftari lake kutazama vyoo, na mwenye nyumba ndiye aliyeitwa nje.

Choo ndicho kilichokuwa mtihani, na hadi sasa ndicho mtihani. Shimo linajaa. Linajaa kwa sababu vyumba vinne vimekuwa sita na familia ya watu watatu imekuwa ya watu saba, na kwa sababu sehemu nyingi za Temeke na kwenye mabonde ya Msimbazi na Kizinga maji ya ardhini yako karibu, mvua ikinyesha shimo linapanda lenyewe. Gari la kunyonya linahitaji hela na njia ya kupita, na vichochoro vyetu havina njia. Kwa hiyo wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku ili watapishe choo, uchafu uende na maji kwa majirani wa chini. Walikuwepo katika kizazi changu, wapo na katika kizazi chenu. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam kilianzia Kinondoni, na kikasambaa karibu nchi nzima. Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 mwaka huohuo, akaagiza nchi nzima ishike mafagio siku hiyo. Nilifurahi siku ile, nikatoka na ufagio wangu. Lakini barabara inafagiliwa mchana mbele ya watu, na choo kinatapishwa usiku. Kama mwenye nyumba hataita gari la kunyonya shimo katika zile siku chumba au nyumba iko tupu, na watu wachache wa kusumbuka, hataliita wakati watu wamejaa.

Kuna mbu pia. Wale wa usiku wanaoeneza matende huzaliana kwenye maji machafu ya mashimo ya vyoo. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za polistairini kwenye mashimo, zikaelea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kutagia, na kuumwa na mbu kukapungua sana. Wale wa mchana, wa homa ya dengi iliyotusumbua 2014 na tena 2019, wanapenda maji safi yaliyotuama kwenye kopo, tairi, dumu lililokatwa, kifuu. Sasa hebu tazama uani siku mtu amehama: ni vitu gani anaviacha? Ni hivyohivyo.

Nisijenge picha ya kizazi kisicho na doa. Miaka ya 1990 UKIMWI ulipotuelemea, wapo wenzetu waliougeuza usafi kuwa silaha. Mpangaji alianza kukonda, akapewa notisi kwa kisingizio cha ukarabati. Wengine walifia vyumbani, na kabla arobaini haijafika mwenye nyumba ameshachoma godoro na kitanda hadharani na kubandua lipu, watu wakiangalia, mjane akiwa amesimama na watoto barabarani. Ugonjwa ule hauishi ukutani wala kwenye godoro, na wahudumu wa afya walikuwa wameshalisema hilo. Chumba alichofia mtu kinataka kile ambacho chumba chochote kinataka: kufunguliwa, kuoshwa, kupakwa chokaa. Kilichozidi hapo kilikuwa hofu na ukatili uliovaa joho la usafi. Nalikumbuka hili kila ninaposikia mwenye nyumba wa leo akimwambia dalali, "Sitaki wenye watoto, wanachafua kuta." Mtoto anachafua ukuta, ndiyo. Ukuta unapakwa upya. Familia inayokataliwa nyumba ya tano kwa sababu ina watoto watatu inakwenda kupanga bondeni, kwenye chumba ambacho maji yatakiingia Aprili.

Sasa niwageukie ninyi, wenye nyumba wa leo. Mmejenga Chamazi, Mbagala Kuu, Kivule, Goba, Madale, Bunju, ng'ambo Kigamboni. Mmejenga vizuri kuliko sisi. Vyumba masta vyenye choo ndani, vigae hadi ukutani, dari ya jipsamu, maji ya DAWASA au kisima na tangi juu. Ugomvi wa zamu mmeumaliza kwa kumpa kila mtu choo chake, na hilo ni jema kubwa kwa mwanamke anayeoga usiku. Lakini mmejenga na kuondoka. Mwenye nyumba anaishi Mbezi, Mwanza, Muscat au Marekani. Kodi inaingia kwenye simu. Chumba kinaoneshwa na dalali, ambaye ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, na anaupata chumba kikiwa kisafi au kichafu. Kwake ni heri watu wahame mara nyingi.

Sheria nayo ilijitoa polepole. Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005. Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi ahakikishe inafaa kwa makazi ya binadamu siku upangaji unapoanza na muda wote baadaye, na maneno hayo ni mazuri. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Mbagala hatapanda daladala mbili kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba kwa ajili ya kunguni. Atanyamaza, atalala, na akihama ataondoka na taa na kitasa. Mwezi Agosti 2021 kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wapangaji wengi walipiga kelele kwamba wanamlipia mwenye nyumba kodi yake. Wenye nyumba wengi walikaa kimya, mita inaendelea kukata. Nilipoyaona hayo nilielewa jinsi tulivyofika mbali: mwenye nyumba ameshatoka ndani ya nyumba yake, akatoka kwenye usafi wake, na sasa anatoka hata kwenye kodi yake, na bado jina lake liko kwenye hati.

Nimewasikiliza mkijitetea. Mnasema kila siku chumba kikiwa kitupu ni hela inayopotea. Hesabu hiyo naijua, nililea watoto kwa kodi. Lakini hesabuni na upande wa pili: mpangaji aliyeingia kwenye uchafu hakai, na kila anapotoka mtu mnapoteza siku nyingi zaidi kutafuta mwingine, na bafu lililozibwa linaharibu kigae mpaka chini. Mnasema mkataba unamtaka mpangaji apake rangi akitoka. Mpangaji anayehama ana gari la mizigo linalomngoja na mtoto mgongoni. Rangi atakayopaka ni ya kufunika madoa, mkono mmoja, juu ya uchafu. Mnasema mnaita vijana wa kupuliza dawa. Vizuri, lakini waulizeni wanapuliza nini. Nimeona dawa ya shambani ikipulizwa asubuhi kwenye chumba kisicho na dirisha la pili, na jioni mama mwenye mtoto mchanga akapewa ufunguo.

Mjukuu wangu anayesimamia vyumba vya baba yake Kivule anafanya jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Siku ya kuhama anapiga picha kila kona kwa simu, na siku ya kuingia anapiga tena, mpangaji akiwepo, kisha wanatumiana. Ubishi wa nani alivunja nini umekwisha. Nimempongeza. Nikamwambia pia kwamba picha ni ushahidi, haifuti mafuta ukutani. Akacheka, akaniambia, "Bibi, basi nifundishe chokaa." Nikamfundisha kwenye ukuta wa stoo. Alipaka mkono wa kwanza akaniangalia kwa huzuni, akidhani ameharibu, nami nikamwambia akae anywe chai.

Ninachowaomba wenye nyumba vijana ni kwamba siku hiyo moja mje wenyewe. Siku nyingine zote simu inatosha. Siku ya ufunguo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ingieni chumbani, inameni bafuni, fungueni kabati la chini ya sinki, pandeni ngazi mtazame tangi. Andikeni kwenye mkataba nani anaita gari la kunyonya choo na lini, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Na aliye Muscat amtume ndugu, asimwachie dalali.

Mwisho wa mwezi huu chumba changu cha nyuma, upande wa kulia, kinahamwa. Mwalimu aliyekikaa amepata uhamisho kwenda Mkuranga. Mwanangu alitaka mpangaji mpya aingie siku ileile. Nimekataa. Jumatatu tunafungua madirisha na fundi anaziba ufa ulio chini ya dirisha, Jumanne mkono wa kwanza, Jumatano wa pili. Binti atakayeingia, muuza vitenge wa soko la Tandika, ameshaambiwa kwamba ufunguo wake ni Alhamisi, na kodi yake inaanza kuhesabiwa Alhamisi.